Maswali ya Wasomaji: Sanamu ya Volto Santo mjini Lucca

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya Volto Santo, yaani Uso Mtakatifu, msalaba wa mbao wenye sanamu ya Kristo unaotunzwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Martino mjini Lucca, katika mkoa wa Toscana nchini Italia. Chini ya picha tuliandika mistari miwili tu, tukisema kwamba sanamu hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 1,100. Barua zilizotufikia baada ya hapo zimetoka kwa wingi Nyanda za Juu Kusini, huenda kwa sababu wamisionari Waitaliano wa Konsolata wanafahamika sana Tosamaganga na parokia za jirani tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, au kwa sababu huko mbao ni riziki ya watu wengi. Tumechagua barua tatu.

*Tumsifu Yesu Kristo, Ndugu Mhariri. Mimi ni fundi seremala hapa Mafinga, na tangu ujana wangu nafanya kazi na mbao za paini za Sao Hill na za milingoti. Nimewahi kufungua dari ya nyumba isiyofikisha miaka thelathini nikakuta kenchi zimegeuka unga wa bungua. Naomba mnieleze bila kuficha: hiyo sanamu ya miaka elfu na zaidi imeponaje, na huo umri nani aliujua, na kwa njia gani? Isije ikawa ni maneno ya kuvutia watalii. Halafu kuna padre mmoja aliwahi kutusimulia kwamba ilichongwa na Nikodemo wa kwenye Injili. Ni kweli?*

Milele amina, fundi. Tuanze na Nikodemo, kwa sababu jibu lake ni fupi. Simulizi ya watu wa Lucca inasema kwamba Nikodemo, baada ya kushiriki mazishi ya Yesu, alichonga sanamu hii kwa kumbukumbu yake, akamaliza mwili wote lakini akashindwa kuthubutu kuchonga uso. Akapitiwa na usingizi, na alipoamka akakuta malaika ameumalizia. Sanamu ikafichwa katika Nchi Takatifu kwa karne nyingi hadi askofu mmoja aliyekwenda kuhiji, jina lake Gualfredo, alipoonyeshwa mahali ilipo. Wakaiweka katika chombo kisicho na mabaharia, kikafika chenyewe pwani ya Luni. Watu wa Luni walipojaribu kukivuta, chombo kikarudi baharini. Walipofika watu wa Lucca pamoja na askofu wao, kikatulia. Ugomvi kati ya miji miwili ukaamuliwa kwa kuipakia sanamu kwenye mkokoteni uliofungwa ng'ombe wasiowahi kufungwa nira, nao wakashika njia ya Lucca. Simulizi nyingine hutaja mwaka 742, nyingine 782.

Injili ya Yohane, sura ya 19, inamtaja Nikodemo akileta manemane na uudi kama ratili mia kwa ajili ya maziko, wala haisemi popote kwamba alikuwa mchongaji. Kwa maoni ya safu hii, padre wenu hakukosea kuisimulia habari hiyo, maana ndiyo iliyowatembeza mahujaji kwa miguu kutoka nchi za mbali hadi Lucca, lakini inafaa isimuliwe kama simulizi ya ibada na si kama taarifa ya historia.

Kuhusu umri, mashaka yako ni ya haki, na hata wataalamu walikuwa nayo. Kwa muda mrefu wengi wao waliamini kwamba sanamu iliyopo ni nakala ya karne ya 11 au ya 12, iliyochongwa kushika nafasi ya ile ya kale iliyochakaa. Tena mji wa Sansepolcro, ambao nao uko Toscana, una sanamu inayofanana sana na hii, na ile ilipopimwa ikaonekana ni ya karne ya 8 au ya 9, ikafika mahali baadhi wakasema kwamba ya asili ndiyo hiyo na kwamba ya Lucca ni mfuasi wake. Mwaka 2020, kanisa kuu lilipoadhimisha miaka 950 tangu lilipotabarukiwa mwaka 1070, wakuu wake waliomba Taasisi ya Taifa ya Fizikia ya Nyuklia ya Italia, tawi la Firenze, ipime sanamu kwa kaboni 14. Vilichukuliwa vipande vidogo vitatu vya mbao na kimoja cha kitambaa. Majibu yalionyesha kipindi kati ya mwisho wa karne ya 8 na katikati ya karne ya 9, kwa hiyo Volto Santo inahesabiwa sasa kuwa sanamu ya mbao ya kale kuliko zote zilizosalia katika Ulaya ya Magharibi. Kwa hiyo waliosema ni nakala ya baadaye wamekosa, na waliosema ni ya Nikodemo wamekosa vilevile, lakini ule mwaka 782 wa simulizi umeangukia mle mle ndani ya kipindi cha vipimo, jambo ambalo watu wa Lucca hawachoki kukukumbusha.

Kipimo chenyewe kinafanya kazi hivi. Mti ukiwa hai huvuta hewa na kujiwekea mwilini kaboni, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ya aina inayotoa mionzi, ndiyo iitwayo kaboni 14. Pete ya mti ikishakamilika haiongezewi tena, na tangu hapo kaboni 14 iliyomo hupungua kwa mwendo usiobadilika, ambapo nusu yake hutoweka katika miaka 5,730. Mbao ya miaka 1,200 hivi hubakiwa na karibu asilimia 86 ya kaboni 14 iliyoanza nayo, na mitambo ya siku hizi inaweza kulipima hilo kwa kipande kidogo kuliko punje ya mchele.

Hapa fundi kama wewe ataona tundu la hoja mara moja. Kaboni inasema mti uliota lini, haisemi patasi ilipita lini. Mtu anaweza kung'oa boriti ya nyumba ya babu yake akachonga kinyago leo, na kipimo kikatoa umri wa boriti. Hata ndani ya gogo moja, pete za katikati zina miaka mingi kuliko zile za karibu na gome. Ndiyo maana kile kipande kimoja cha kitambaa kina uzito kuliko vipande vitatu vya mbao. Wachongaji wa zamani wa Ulaya walikuwa na desturi ya kubandika kitani juu ya mbao kwa gundi ili kuziba maungio na nyufa, wakapaka juu yake tabaka la jasi au chokaa iliyochanganywa na gundi, ndipo wakatia rangi. Kitani hutokana na mmea unaopandwa na kuvunwa ndani ya msimu mmoja, na hakuna sababu ya mtu kuhifadhi kitambaa miaka mia mbili akisubiri kukibandika kwenye sanamu. Umri wa kitambaa ulipolingana na wa mbao, hoja ya mbao kuukuu ikakosa nguvu.

Sasa kupona kwake. Bungua wapo Italia pia, tena wameharibu sanamu nyingi, na hata mchwa wapo sehemu kadhaa za nchi hiyo. Unajua kuliko sisi kwamba mbao huuawa na maji ya kulowa na kukauka mara kwa mara, kugusana na udongo, na wadudu. Sanamu hii imekaa ndani ya jengo la mawe, juu, mbali na ardhi, na mvua haijaigusa. Kitani, jasi na rangi vimefunika uso wa mbao, na mdudu hupenda kutaga pale mbao ilipo wazi. Halafu wachongaji wa aina hiyo walizoea kukomba gogo kwa nyuma, kwa kuwa gogo zima likikauka nje hunywea na ndani hukataa, likapasuka kuanzia gome hadi kiini, wakati ganda jembamba hukauka kwa pamoja. Mikono iliyonyooshwa huchongwa mbali na kuunganishwa na kiwiliwili, maana hakuna gogo lenye umbo la msalaba.

Kinga nyingine ni watu wenyewe. Mwaka 1484 mchongaji wa Lucca, Matteo Civitali, alikamilisha kikanisa kidogo cha marumaru chenye pande nane, kilichosimama ndani ya kanisa kuu, upande wa kushoto, ili sanamu ikae humo nyuma ya vyuma. Mahujaji wakaweza kuiona wakati wowote lakini mikono yao haikuifikia, na kwa sanamu inayopendwa mkono wa mcha Mungu unaweza kuwa mharibifu kuliko bungua. Siku hizi mbao zenye wadudu hufungiwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa na kunyimwa oksijeni kwa majuma kadhaa hadi wadudu na mayai yao wafe, bila kupaka dawa inayoweza kudhuru rangi. Zile kenchi zako haziwezi kutendewa hivyo, bila shaka, na hilo nalo linaeleza kwa nini dari ya Mafinga haifiki karne kumi na mbili.

*Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu mstaafu na Mmoravian wa hapa Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Binti yangu anasoma Pisa na amenialika kwenda kumtembelea. Ameshapanga kunipeleka Lucca kuiona sanamu mliyoichapisha. Nikiwa mtu niliyelelewa kwa amri isemayo tusijifanyie sanamu ya kuchonga, je, nikisimama mbele yake nitakuwa nimekosea? Pia nimeitazama picha yenu kwa miwani: mbona Yesu huyo amevaa kanzu msalabani, macho wazi, na uso wake ni mweusi?*

Mama Mwalimu, asifiwe sana. Swali lako la kwanza lilitikisa Kanisa zima katika miongo ileile ambayo mti wa sanamu hii ulikuwa ukikua. Katika karne ya 8 wafalme wa Konstantinopoli waliamuru picha takatifu ziharibiwe, kwa hoja ya amri hiyohiyo ya Kutoka sura ya 20 unayoitaja. Mwaka 787 maaskofu walikutana Nikea, katika mtaguso wa pili uliofanyika mji huo, wakaamua kwamba picha zinaweza kuheshimiwa, kwamba heshima itolewayo kwa picha humwendea yule aliyechorwa, na kwamba ibada ya kweli ni ya Mungu peke yake. Hiyo ndiyo misingi wanayosimamia Wakatoliki na Waorthodoksi hadi leo. Karne nyingi baadaye wanamageuzi hawakukubaliana wao kwa wao: wafuasi wa Calvin waliondoa sanamu makanisani, Luther akazuia zisivunjwe, na ndiyo maana utaona msalaba wenye mwili wa Kristo katika makanisa ya Kilutheri, hata Iringa na Njombe.

Hakuna atakayekulazimisha kupiga goti. Watu wa kila imani huingia katika kanisa hilo, na mlinzi anajali zaidi mabega yaliyofunikwa na simu zilizozimwa kuliko dhehebu la mgeni. Ukisimama kwa utulivu pembeni ukitazama, hujaabudu kitu. Tunachokuomba ni kutopita kati ya sanamu na mtu anayesali, adabu ambayo mwalimu hahitaji kufundishwa.

Kanzu inatokana na jinsi Wakristo wa karne za kwanza walivyopenda kumwonyesha Kristo msalabani, yaani kama mfalme na kuhani aliyeshinda mauti. Kwa hiyo amevaa vazi refu la mikono mirefu lililofungwa mshipi kiunoni, macho yameangaza, kichwa kimeinama kidogo tu, na mwili hauning'inii kwa uzito. Ule mwili uliokonda, wenye kitambaa kiunoni na macho yaliyofumba, ambao tumeuzoea katika misalaba mingi, ulienea Ulaya baadaye. Msalaba wa Gero ulioko Köln, Ujerumani, wa karne ya 10, ni miongoni mwa mifano mikubwa ya kwanza inayomwonyesha akiwa amekufa. Mazoea hayo mapya yalileta kichekesho kimoja: katika nchi za kaskazini, watu walioona nakala za sanamu ya Lucca hawakuelewa mtu mwenye ndevu na gauni ni nani, na inaaminika kwamba ndipo ilipozaliwa hadithi ya Mtakatifu Wilgefortis, binti aliyeota ndevu ili asiozeshwe kwa nguvu, akasulubiwa na baba yake.

Weusi wa uso usikupe jibu la haraka, wala la wale wanaodai kwamba mchongaji alikusudia Mwafrika, wala la wale wanaoona haya na kusema ni uchafu tu. Ni mbao iliyopakwa rangi mara nyingi katika karne nyingi, mbele ya mishumaa na taa za mafuta zisizozimika, na rangi ya leo si lazima iwe ile aliyoikusudia mchongaji. Kinachokumbukwa na wote walioisogelea ni macho, ambayo ni makubwa na yametokeza kiasi kwamba yanaonekana kumtazama mtu popote anaposimama. Mfalme William wa Pili wa Uingereza, aliyekufa mwaka 1100, alikuwa akiapa kwa Uso wa Lucca kila alipokasirika, na kwa jinsi historia inavyomweleza, alikasirika mara nyingi. Mji wa Lucca wenyewe uliuweka uso huo kwenye sarafu zake.

Ukifika, tazama pia mguu wa kulia. Miguu ina viatu vya fedha, na chini ya kiatu cha kulia kumewekwa kikombe cha misa kama kigingi. Inasimuliwa kwamba mwanamuziki mmoja maskini, asiye na chochote cha kutoa, alipiga ala yake mbele ya sanamu, nayo ikamrushia kiatu cha fedha; alishtakiwa kwa wizi, na kiatu kiliporudishwa hakikukaa tena mguuni, ndipo kikombe kikawekwa kukishikilia. Pokea habari hiyo kama tulivyomshauri fundi wa Mafinga aipokee ya Nikodemo.

*Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa kwaya ya parokia moja hapa Iringa mjini. Parokia rafiki iliyoko Toscana imetualika mwakani, na tunataka siku moja iwe ya Lucca. Tuende mwezi gani, je tunaweza kuimba pale, na maandalizi ya viza yaanze lini?*

Milele amina. Nendeni mwezi wa Septemba, kama wenyeji wenu wanaafiki. Jioni ya tarehe 13, mkesha wa sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, Lucca hufanya maandamano yaitwayo Luminara kutoka Kanisa la San Frediano hadi kanisa kuu. Taa za umeme za njiani huzimwa na maelfu ya mishumaa ndani ya vikombe vya kioo huwashwa kwenye madirisha na kuta za nyumba. Sanamu, kwa desturi, huvishwa vazi la kifahari na taji la dhahabu, ambavyo siku nyingine hutunzwa katika jumba la makumbusho lililo jirani. Maandamano yakifika kanisani, huimbwa wimbo mkubwa wa kwaya unaoitwa mottettone. Ni desturi ambayo familia ya mtunzi Giacomo Puccini, aliyezaliwa Lucca mwaka 1858, iliitumikia kwa vizazi kadhaa, maana mababu zake walikuwa wapiga kinanda na viongozi wa muziki wa kanisa hilo. Wanakwaya wenu watajifunza zaidi kwa kusikiliza usiku huo kuliko kwa kuimba.

Kuimba kwenu kupangwe kwa Misa, asubuhi ya siku nyingine, kwa barua kutoka kwa paroko mwenyeji kwenda kwa wahusika wa kanisa kuu. Kuingia kutembelea hulipiwa, lakini anayekuja kusali Misa halipi. Mwulizeni paroko huyo pia sanamu iko sehemu gani ya kanisa wakati wa safari yenu, kwa kuwa mwaka 2022 ilitolewa katika kikanisa cha Civitali kwa ukarabati uliokabidhiwa taasisi ya Firenze iitwayo Opificio delle Pietre Dure, na kazi ikafanyika humo humo kanisani.

Msikimbie mara baada ya kuiona. Kwenye nguzo ya baraza la kanisa kuu, upande wa kulia, kuna mchoro wa njia zilizozungushana uliochongwa kwenye jiwe, na vidole vya wapita njia vimeufuta sehemu ya katikati. San Frediano kumelazwa mwili wa Mtakatifu Zita, aliyeanza kazi za ndani akiwa na miaka 12 katika nyumba ya tajiri mmoja, akaitumikia familia hiyo hadi kufa kwake mwaka 1272. Ni msimamizi wa wafanyakazi wa nyumbani, na kwa mkoa unaopeleka mabinti wengi Dar es Salaam kwa kazi hiyo, kwaya ya Iringa isipite mlango ule bila kuingia. Nje ya kuta za mji kuna kanisa la Mtakatifu Gemma Galgani, aliyefariki mwaka 1903, ambaye jina lake la Gema limejaa katika madaftari ya ubatizo nchini mwetu na linabebwa na shirika la masista la Dodoma. Kuta zenyewe zimebaki kamili, zina mzunguko wa zaidi ya kilomita 4, na juu yake ni njia pana yenye miti ambayo hata wazee wa kwaya wataimudu.

Viza ni ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, lakini kundi la watu lisisubiri hata miezi miwili ya mwisho. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Alama za vidole hutolewa na mwombaji mwenyewe, kwa hiyo kila mwanakwaya ahesabu nauli ya kwenda Dar es Salaam, karibu kilomita 500 kupitia Kitonga, na pengine kulala huko. Barua ya mwaliko itaje majina kama yalivyo kwenye pasi za kusafiria, herufi kwa herufi, na ieleze nani analipia malazi.

Kutoka Pisa hadi Lucca treni huchukua kama nusu saa, na kutoka Firenze kama saa moja na nusu. Kituo kiko nje kidogo ya kuta, na kanisa kuu mnalifikia kwa miguu. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima igongwe muhuri kwenye mashine iliyoko kituoni kabla ya kupanda. Anayesahau hutozwa faini hata kama ameilipia, na katibu ndiye atakayeulizwa na kundi zima.